Zumari ya Shaba, Sehemu ya Tisa: Chafya ya Saa Kumi

Tulimwacha Masikio ameshika kalamu.

Wiki nzima ameishika, maskini, na vidole vimekufa ganzi. Tumwonee huruma, tuendelee.

Kwa yule ambaye gazeti la wiki iliyopita shangazi yake alilifungia viatu, mambo yalikuwa hivi. Masikio ni fundi wa mitambo ya sauti katika kituo cha redio. Jina hilo hakupewa kwa sababu masikio yake ni makubwa, ingawa, kwa heshima zote, si madogo. Alipewa kwa sababu anaweza kusikia skrubu iliyolegea akiwa chumba cha tatu, mlango umefungwa, na watu wanacheka.

Juzi kituo chao kilikuwa kikijiandaa, na jana kikawa mwenyeji wa Shindano la Sauti za Mataifa, mwaka wa tatu tangu lianzishwe. Nchi saba, nyimbo saba, na zawadi moja: Zumari ya Shaba, chombo kizuri sana kisichopigika. Majaji hawakuwepo ukumbini. Kila nchi iliwaketisha majaji wake nyumbani kwao, wakasikiliza kwa nyaya, kisha wakapiga simu kutoa alama. Na nyaya zote, za majaji na za redio, zilipita katika kibanda kimoja cha kioo juu ya ukumbi, chini ya swichi moja, chini ya kidole kimoja.

Kidole cha Masikio.

Na mwimbaji wa nchi yao alikuwa mdogo wake wa pekee, Chiriku, aliyeamka siku hiyo koo limekauka kama brashi ya kupakia rangi.

Kidole kikateleza. Tuseme hivyo kwa adabu. Chiriku alipopanda jukwaani, Masikio aligeuza swichi, akawapelekea majaji kanda ya mazoezi ya saa kumi alasiri. Watu mia nne ukumbini walisikia sauti ya Chiriku ikipasuka katika ubeti wa pili kama sahani. Dunia yote iliyobaki ilisikia sauti isiyopasuka hata kidogo.

Chiriku akashinda kwa alama moja.

Tangu hapo mtaani hakukaliki. Waliokuwepo ukumbini wanasema sauti ilipasuka. Waliosikiliza redioni wanawaambia wana wivu. Mke na mume wa jirani, mmoja alikwenda na mmoja alibaki na watoto, hawajasemeshana tangu jana.

Sasa ni saa tano na robo asubuhi, ofisini kwa Katibu wa Shindano, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani, ambaye akigeuka tu watu humwita Mama Kanuni. Mezani kuna fomu ya matokeo. Katibu ameshatia sahihi. Kiongozi wa bendi ameshatia, akaenda kulala. Mstari wa tatu ni wa fundi, na juu yake pamepigwa chapa maneno haya: *Nathibitisha kwamba kila jaji alisikia kile kilichoimbwa jukwaani.*

Fomu hufungwa saa sita. Ikishafungwa, hata malaika hawaifungui.

Kalamu ikagusa karatasi. Na ndipo simu ilipolia.

Masikio aliruka kama mwanafunzi aliyekutwa na mkate wa jikoni chini ya godoro.

"Haloo!" Mama Kanuni aliamini kwamba simu ya mbali huhitaji kelele za mbali, na kwamba kila anachoambiwa lazima akirudie, simu isije ikasahau. "Majaji wa nchi ya tano! Ndiyo, nawasikia! Mnataka kurekebisha alama! Chiriku mlimkata alama moja! Kwa sababu gani? Kwa sababu ya chafya!"

Mama Kanuni akaitazama simu.

"Chafya ya nani?"

Masikio akaiweka kalamu chini. Ilibingirika, ikaanguka, hakuiokota.

"Katika ubeti wa pili! Chafya kubwa! Mkadhani bomba limepasuka! Sasa usiku hamkulala, dhamiri inawasuta, mnaona si haki mwimbaji aadhibiwe kwa pua ya mtu mwingine! Mna roho nzuri! Eh? Sauti yake na ya yule dobi aliyeshika nafasi ya pili mlishindwa kuzitofautisha! Kama pacha! Ah, hizo ni nyaya, ndugu yangu. Kwa nyaya zetu, hata mimi na mume wangu hatutofautishwi!"

Akaweka simu. Akamtazama Masikio kwa miwani ya machoni, kisha akateremsha na ile ya kichwani.

"Fundi."

"Naam, mama."

"Jana nilikaa safu ya kwanza, kiti cha katikati. Nilimsikia mdogo wako akipasuka, Mungu amsitiri. Chafya sikusikia."

"Labda ilikuwa ndogo."

"Walidhani bomba limepasuka."

"Nyaya, mama, wakati mwingine hukuza mambo."

Huko nchi ya tano watu wazima hawakupata usingizi kwa ajili ya alama moja. Masikio, mwenye kosa zima la kumkosesha usingizi, alilala kwa saa mbili na kuota yuko mtihani wa hesabu bila suruali.

Tena chafya ile aliijua ni ya nani. Katika jengo lote kulikuwa na pua moja tu yenye nguvu hizo.

"Mwite Seremala," alisema Mama Kanuni.

Seremala wa jukwaa alikuja na penseli sikioni, vumbi la mbao nyusini, na bunda la funguo za karakana kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Jana ulipiga chafya?"

"Jana ya saa ngapi? Maana mimi, mama, kunihesabia chafya ni sawa na kumhesabia kuku punje."

"Wakati wimbo wa Chiriku unaimbwa."

"Enhe! Hiyo nilipiga."

"Unakiri!"

"Nakiri kwa moyo mmoja. Saa kumi alasiri, kwenye mazoezi. Nilikuwa nyuma ya ubao wa jukwaa, misumari minne mdomoni. Ikaja. Misumari miwili mpaka leo sijaiona. Kiongozi wa bendi akanifukuza, akaapa nisikanyage ukumbini mpaka wageni waondoke. Jioni nilikuwa kwa mama mkwe, nambadilishia bawaba za mlango."

"Nimesema wakati wa shindano, bwana. Saa tatu usiku."

"Saa tatu usiku nilikuwa nimeshika bawaba."

"Chafya imesikika nchi ya tano saa tatu usiku. Chafya haisafiri peke yake bila pua!"

"Mama, yangu ilikuwa kwa mama mkwe. Muulize kiongozi wa bendi."

"Amelala, na mkewe amesema atakayemwamsha atamtafuta. Wewe ulifukuzwa, ukajipenyeza tena, ukaliaibisha taifa mbele ya mataifa sita, na sasa unanidanganya ofisini kwangu. Kabidhi funguo za karakana."

"Mama! Miaka kumi na tisa!"

"Funguo."

Seremala akamgeukia Masikio. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa na matumaini, na hayo ndiyo yaliyouma zaidi.

"Fundi, si ulikuwa kule juu kwenye kioo? Wewe unaona kila kichwa. Hebu mwambie mama kama kichwa changu kilikuwepo."

Hapa, wasomaji, tungependa sana kumtetea Masikio. Alikuwa kijana mwema, mlipa ada za chama, mpenda mdogo wake. Tungependa kuandika kwamba alisimama, akapiga kifua, akasema.

Alisema: "Taa zilikuwa zinanipiga machoni."

Seremala akashusha macho. Akaanza kufungua funguo kwenye mkanda, moja moja. Kila iliyoguswa ililia kidogo, na masikio yale makali yalisikia kila mlio.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Kaka! Bado tu hujatia sahihi? Twende tukanywe chai, mimi njaa inaniuma!"

Chiriku aliingia Zumari ya Shaba iko kwapani kama mwavuli. Hakulala, alikuwa na macho mekundu, na alikuwa anang'aa. Kwa mkono wa pili alikuwa amemvuta mwanamke mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye mikono ya mtu aliyeikamua dunia akaianika.

Huyu ndiye Dobi. Hatumtanii, ndiyo kazi yake. Alitoka nchi jirani, ambako lugha ni hii hii yetu, ila wao huvuta mwisho wa neno kama mtu anayekunjua shuka. Alikuja na gauni moja, na pasi yake mwenyewe ndani ya kikapu, kwa kuwa pasi za watu haziamini. Jana asubuhi alimsikia Chiriku akikoroma kwa kujaribu sauti chumba cha pili katika nyumba ya wageni ya washindani, akambishia hodi na maji moto ya chumvi, akashinda naye siku nzima, akampigia na gauni lake pasi. Usiku akashindwa naye kwa alama moja.

"Hamjambo nyoote," alisema Dobi. "Nimekuja kuaga. Treni yangu ya saa saba."

"Hatujambo, dada," alijibu Mama Kanuni. "Umeimba kwa heshima."

"Ahsante, mama. Na nimeleta hii." Akatoa kikapuni shati lililokunjwa likawa kama bahasha, akampa Masikio. "Ulilisahau limetundikwa mlangoni kwetu jana, lina grisi mkononi. Nikasema fundi wa watu, hana muda. Kola nayo ilikuwa imechoka, nikaitia wanga."

Masikio alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa bado na joto.

"Ahsante, dada," alisema.

"Mimi jana nilisimama pembeni ya jukwaa," Dobi aliendelea. "Nikamsikia huyu mtoto amepasuka. Nikasema moyoni, basi, nimeshinda. Halafu nikaona haya kufurahi. Kumbe majaji walisikia zaidi ya sauti! Kwetu wafuaji wenzangu walifunga duka siku mbili, wakajibana mbele ya redio moja. Nitawaambia tumeshindwa kwa haki. Hiyo ndiyo itakayowapoza."

Kwa haki. Neno lilimwingia Masikio kama sindano iliyosahauliwa kwenye pindo.

"Kaka, mbona umekuwa na rangi ya sabuni?" Chiriku alimtazama, kisha akamwona Seremala. "Na wewe mzee, unalia nini?"

"Silii, binti yangu. Ni vumbi. Nafukuzwa kazi kwa chafya ambayo haikuwepo."

"Ilikuwepo," alisema Masikio.

Wote wakamgeukia.

"Ilikuwepo, ila haikuwa ya usiku." Alilishika shati kama mtu aliyeshikilia ukingo wa kisima. "Seremala hakukanyaga ukumbini. Mama, jana Chiriku alipokuwa anaimba, mimi niligeuza swichi. Majaji niliwapigia kanda ya mazoezi. Hiyo chafya ilikuwa kwenye kanda."

Mama Kanuni alivua miwani zote mbili. Watu walioajiriwa pale kwa miaka mingi walikuwa hawajawahi kuona macho yake yakiwa matupu.

Chiriku alicheka kwanza. Alidhani ni utani wa asubuhi. Kicheko kikaenda kikipungua, kikaisha.

"Kwa hiyo hawakunisikia?"

"Hawakukusikia."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mdogo wangu."

"Usiku kucha nimekaa kitandani nikijiambia, nimepasuka mbele ya watu, na bado wamenipenda hivyo hivyo. Nimemwandikia mama barua, Kaka. Kurasa nne. Nimemwambia hivyo hivyo."

"Nilitaka kukusitiri."

"Kunisitiri? Umenifuta! Dakika tatu tu nilizihitaji, na wewe hukuniamini hata hizo."

Tangu utotoni Chiriku akivunja glasi, Masikio ndiye aliyesema "ni mimi" na kuchapwa. Aliona huo ndio ukaka. Hakuwahi kumuuliza Chiriku kama alitaka kuchapwa mwenyewe walau mara moja.

Chiriku aliitoa Zumari kwapani, akaiweka mezani mbele ya Dobi.

"Dada, hii ni yako."

Dobi hakuigusa.

"Ngojeni," alisema Mama Kanuni, na sauti yake ilikuwa imeshuka, jambo la kutisha kuliko makelele. "Seremala, funga funguo zako kiunoni, na unisamehe."

"Nimekusamehe zamani, mama. Ila misumari miwili nitaidai."

"Fundi, hiyo ni kanda ipi hasa?"

"Ya mazoezi ya saa kumi."

Hapo kukatokea jambo la ajabu. Mkono wa Chiriku ulioiachia Zumari ukaganda hewani. Dobi naye akakiweka kikapu chini, pasi ikagonga sakafu. Wakatazamana, hawa wawili, kama wanafunzi wa kitanda cha juu na cha chini wanaosikia viranja wanaanza kupekua bweni.

"Kaka," alisema Chiriku polepole, "hiyo kanda uliisikiliza?"

"Sikuisikiliza. Niliiwasha mashine, nikaenda mlango wa nyuma kugombana na watu wa simu. Niliporudi nikakuta bendi inausifu wimbo, yakanitosha. Na usiku, nilipogeuza swichi, nilivua visikizio vya masikioni." Akaliminya shati. "Sikutaka kusikia ninachofanya."

"Wewe? Masikio mzima? Hukusikiliza?"

"Sikusikiliza."

"Basi usiipige. Ameshakiri, mama, yatosha, si ndiyo? Andika kwenye fomu tuondoke."

"Itapigwa," alisema Mama Kanuni. "Kanuni ya tisa. Ushahidi wa sauti husikilizwa, hausimuliwi. Seremala, isukume mashine hapa."

Mashine ikaja juu ya meza yake ya magurudumu, ikiyumba. Masikio akaipachika kanda. Ilikuwa saa tano na dakika hamsini. Akabonyeza kitufe. Bendi ikaanza, ikafuata sauti, safi, imejaa, imetua juu ya muziki kama ndege juu ya waya.

Neno la kwanza tu, Masikio akaganda.

Mwisho wa neno ulikuwa umevutwa. Umevutwa polepole, kwa raha, kama mtu anayekunjua shuka.

Haikuwa sauti ya Chiriku.

Akageuka. Chiriku alikuwa anatazama sakafu. Dobi alikuwa anatazama ukutani, juu ya kichwa cha Mama Kanuni, mahali palipotundikwa fremu moja. Masikio naye akatazama. Fremu ile kila mtu kituoni aliijua. Ilitundikwa baada ya aibu ya mwaka jana, nchi moja ilipomkodi mwimbaji wa nchi nyingine amwimbie mtu wao nyuma ya pazia.

*Kanuni ya Kumi na Moja. Mshindani hataimba wimbo wa mshindani mwenzake, mazoezini wala jukwaani. Aliyeimba na aliyeimbiwa watafungiwa maisha, na nchi zao pamoja nao.*

Sasa akaelewa yote. Saa kumi alasiri koo la Chiriku lilikuwa limegoma. Dobi akapanda jukwaani badala yake, kwa wema tu, amwonyeshe jinsi ya kuvuta pumzi. Mashine ikanasa. Na usiku Dobi akashindana na Dobi, akashindwa na Dobi, kwa alama moja.

Wale majaji wa nchi ya tano walisema kama pacha. Walikuwa na masikio kumshinda yeye.

Ubeti wa pili ukaingia. Ukafika katikati. Na kutoka ndani ya mashine ukatoka mlipuko uliotikisa glasi ya maji mezani.

"Hiyo!" Seremala aliruka. "Hiyo ni yangu! Mnaisikia? Na hapo mwishoni, ti, ti, hiyo ni misumari!"

"Imethibitika," alisema Mama Kanuni, naye akaandika. Maskini mama huyu, kanuni zote alizijua kwa moyo, lakini muziki Mungu alimnyima. Kwake yeye zumari na bawaba kavu vilikuwa ndugu wa tumbo moja. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso.

Wimbo ukaisha. Kanda ikaendelea kuvuma bila kitu. Halafu, mbali kabisa, Masikio akasikia pumzi ikivutwa, pumzi ya mtu anayetaka kusema neno.

Akabonyeza kitufe. Kanda ikasimama.

"Swali la mwisho," alisema Mama Kanuni, kalamu juu ya karatasi. "Ni la fomu tu. Sauti ya kwenye kanda ni ya nani?"

Chiriku alimtazama kaka yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Fikirini, wasomaji, mtu huyu alipofikishwa. Jana alidanganya, akamwibia Dobi haki yake. Leo akisema kweli, Dobi anafungiwa maisha, yeye na nchi yake na wafuaji wake wote waliofunga duka. Akidanganya tena, Dobi anachukua Zumari iliyo yake, Chiriku anasalimika, na anayeangamia ni mmoja tu, mwenye kosa. Ukweli ulikuwa umevaa nguo za dhuluma, na uongo umevaa za haki, zimenyooshwa, zimetiwa wanga.

"Ni ya mdogo wangu," alisema Masikio.

Kalamu ikaandika. Ilikwaruza karatasi neno kwa neno, naye akalisikia kila moja.

"Vizuri. Fundi, kuanzia sasa huna kazi hapa, na ushukuru kwamba sina kanuni kali zaidi ya hiyo. Chiriku, hukujua, huna hatia, ila hukushinda. Wewe dada," akamgeukia Dobi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akatabasamu, "Zumari ya Shaba ni yako. Tia sahihi hapa, upesi, zimebaki dakika tano."

Seremala akapiga makofi peke yake, akaacha.

Dobi aliipokea kalamu. Aliinama juu ya fomu, akasoma mstari ulioandikwa sasa hivi, akausoma tena, midomo ikitembea. Akamtazama Chiriku aliyekuwa anamtikisia kichwa taratibu: tia, tia tu. Akamtazama Masikio, na shati lililokuwa mikononi mwake, lililokuwa limeshaanza kukunjamana.

"Fundi," alisema kwa upole, "mimi nimefua miaka ishirini na mbili. Doa halifunikwi kwa doa lingine. Ingekuwa hivyo inafaa, si ningepumzika zamaani?"

"Dada, tafadhali," alinong'ona Masikio. "Niachie hili moja."

"Nikifika kwetu nitawaambia nini? Kwamba nimeshinda kwa haki?"

Akaiweka kalamu juu ya fomu. Akanyoosha kidole, kinene, kilichopaushwa na maji moto na sabuni, na kabla Masikio hajawahi kuuzuia mkono wake, akakibonyeza kitufe.

Kanda ikazunguka. Pumzi ikavutwa. Na sauti ikatoka, wazi, ya karibu, imevutwa mwisho wa kila neno, sauti ambayo hata Mama Kanuni alikuwa ameizungumzisha ofisini mwake muda mfupi uliopita:

"Umesikiaa, mdogo wangu? Pale juu usipandishe mabega, vuta pumzi tumboni. Haya, sasa lete gauni lako nilipige pasii."

Mama Kanuni akainua kichwa. Akavaa miwani ya kwanza. Akavaa na ya pili. Kisha akageuka, polepole sana, kuitazama fremu iliyokuwa ukutani nyuma yake.

Saa ikaanza kugonga sita. Hakuna aliyethubutu hata kuvuta hewa. Na Seremala, ambaye chafya ilikuwa imeshamfika puani, aliibana kwa vidole viwili, macho yamemtoka, akiomba Mungu asiwe yeye wa kwanza kusikika.